Gego la mwisho linavimba, linatulia, linarudi: niling'oe au nivumilie?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 24, naishi Mbagala na nauza vitenge Kariakoo. Jino la mwisho kabisa, chini upande wa kulia, lilianza kuota mwaka jana lakini limetokeza ncha tu. Mara tatu sasa fizi imevimba juu yake. Safari hii nilishindwa kufungua mdomo vizuri, nikimeza mate maumivu yanapanda hadi sikioni, na mdomoni kulikuwa na ladha mbaya. Kila mara naenda duka la dawa, napewa kapsuli na vidonge vya maumivu, baada ya siku mbili tatu natulia. Mama anasema jino linatafuta njia, nivumilie, na kwamba nikiling'oa nitaharibu macho. Mwenzangu dukani aliambiwa ang'oe yote manne. Mwingine anamjua mtu aliyepinda mdomo baada ya kung'olewa. Pia naona meno ya mbele yameanza kubanana. Namnyonyesha mtoto wa miezi saba. Nifanye nini?"*

Marahaba, dada. Ukiyaweka kando maneno ya watu, umeniuliza jambo moja: haya ni maumivu ya jino linaloota ambayo yataisha yenyewe, au ni ugonjwa? Kwa dalili ulizoeleza, ni ugonjwa. Sijakuangalia kinywani, na picha ya eksirei ndiyo itakayosema la mwisho. Lakini fizi inayovimba juu ya jino lililotokeza nusu, ladha mbaya, kumeza kwa shida na mdomo kugoma kufunguka, tena mara tatu mahali palepale, ni hali tunayoifahamu vizuri sana kwenye vyumba vya meno. Kitaalamu inaitwa perikoronaitisi, yaani maambukizi ya fizi iliyolifunika jino lililokwama.

Mama yako hajakosea kabisa. Jino linapotoka huweza kuwasha fizi na kuuma kidogo kwa siku chache, kisha likatulia na kuendelea kupanda. Ila maumivu ya kuota hayafungi mdomo, hayatoi usaha wala harufu, na hayarudi kila baada ya miezi michache huku jino likiwa palepale. Lako lilionyesha ncha mwaka jana, na hadi leo ni ncha ileile. Kuvumilia hakutalipandisha.

Mtu mzima mwenye meno kamili ana meno 32, na magego manne ya mwisho, ambayo wengine huyaita meno ya hekima, kwa kawaida hutoka kati ya miaka 17 na 25. Wapo ambao hawanayo kabisa, au wanayo mawili tu, na hawajapungukiwa kitu. Yanapofika, wenzake wameshakaa kwenye nafasi zao. Taya la chini ndilo lenye shida zaidi, kwa sababu nyuma ya gego la mwisho mfupa unapinda na kupanda kuelekea sikio. Jino likikosa nafasi hapo hubaki ndani ya mfupa, au huinama mbele likaegemea gego la pili, au hulala kabisa kwa ubavu, au husimama wima lakini sehemu yake ikabaki chini ya fizi. Lile la kuinama mbele ndilo tunalokutana nalo mara nyingi zaidi.

Jino lililofukiwa lote ndani ya mfupa mara nyingi hukaa kimya. Linalosumbua ni la nusu nusu kama lako. Kipande cha fizi kinachobaki juu yake kinakuwa kama mfuko wa shati: makombo ya chapati, punje za wali na nyuzi za nyama huingia kwa urahisi na hazitoki. Bakteria wanaostawi pasipo hewa hupata makazi humo, na mswaki haufiki. Fizi inavimba. Ikishavimba, gego la juu linaanza kuigonga kila unapotafuna, nayo inazidi kuvimba. Misuli ya kutafunia imepita jirani, na maambukizi yakiisogelea hukaza. Ndiyo maana mdomo ulikataa kufunguka. Sikio lako ni zima. Mshipa wa fahamu unaohudumia meno ya chini una tawi lingine linalohudumia eneo la sikio, kwa hiyo ubongo hupata taarifa ya maumivu bila kutambua vizuri yametoka upande gani. Wapo wagonjwa wanaofika kwetu wakiwa wamemaliza chupa nzima ya dawa ya matone ya sikio, kumbe ni jino.

Sasa tuzungumze kuhusu kapsuli. Antibayotiki hupunguza bakteria, uvimbe unashuka, unarudi dukani kuuza. Lakini ule mfuko wa fizi uko palepale, na chakula cha jioni kitaingia humohumo. Unaporudia dozi mara kwa mara, bakteria wanaosalia ni wale wasioisikia dawa vizuri, na siku utakapoihitaji kweli haitakusaidia sana. Hali hii ikiwa ndogo, kinachoitibu ni kusafisha: daktari anapenyeza maji ya chumvi au dawa ya kusukutua chini ya kile kipande cha fizi kwa bomba la sindano lenye ncha butu, anatoa uchafu, na mara nyingi nafuu huanza bila kapsuli hata moja. Antibayotiki tunaziandika maambukizi yakianza kusambaa, yaani ukiwa na homa, shavu kuvimba, tezi za shingoni kujaa au mdomo kushindwa kufunguka, na kwa wagonjwa ambao kinga yao ni dhaifu. Safari yako hii ya tatu zilistahili. Zikiandikwa, nunua dozi nzima; najua mtu hununua vidonge vinne kwa sababu hela iliyopo ni ya vinne, lakini hapo umetumia hela na ugonjwa umebaki.

Wakati unasubiri kumwona daktari, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, mara kadhaa kwa siku na kila baada ya kula. Tumia mswaki wenye kichwa kidogo, uinamishe ufike nyuma kabisa, na usiache kupiga mswaki kwa sababu fizi inatoa damu. Inatoa damu kwa sababu ni chafu. Kwa maumivu, parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima. Ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya kula, hufanya kazi vizuri zaidi kwenye uvimbe wa aina hii, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochochewa na dawa hizo. Na kwa sisi wa Dar es Salaam kuna tahadhari nyingine. Ukiwa na homa, usihukumu haraka kwamba ni ya jino: pima malaria, na kama ni kipindi cha dengi, kama ilivyotupata mwaka 2019, kaa mbali na ibuprofeni, diklofenaki na aspirini hadi upimwe, maana zinaongeza hatari ya kutokwa damu.

Karafuu kweli inatia ganzi kidogo. Kiini chake, eujenoli, tunakitumia hata sisi kwenye dawa za meno. Tafuna kipande ukipenda, lakini usimimine mafuta yake mabichi kwenye fizi, yanaunguza. Aspirini iliyosagwa na kubandikwa kwenye fizi inaunguza pia, tena vibaya. Huacha kidonda cheupe juu ya tatizo lililokuwapo.

Soma aya hii na umsomee mtu unayeishi naye. Maambukizi ya gego la chini yanaweza kushuka kwenye nafasi zilizo chini ya ulimi na shingoni. Uvimbe ukivuka taya na kuingia shingoni, hasa ukiwa mgumu na wa pande zote mbili, ulimi ukionekana kuinuliwa, sauti ikibadilika kama ya mtu mwenye kitu kinywani, mate yakikutoka kwa sababu hayamezeki, au pumzi ikiwa nzito, usisubiri kukuche na usipitie duka la dawa. Nenda idara ya dharura ya hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, kwa wewe wa Mbagala ni Temeke, kwa wengine Amana au Mwananyamala, au Muhimbili moja kwa moja. Hali hiyo huziba njia ya hewa na inaua. Mwenye kisukari au anayeishi na VVU awahi mapema zaidi, kwa kuwa kwake maambukizi hukimbia. Kipimo rahisi cha nyumbani ni vidole: mtu mwenye taya lililolegea huweza kupitisha vidole vyake vitatu, vimepangwa juu kwa chini, kati ya meno ya mbele. Vikipita chini ya viwili, daktari akuone siku hiyohiyo.

Tuje kwenye hofu zako. La macho ni rahisi. Mshipa unaopeleka hisia za meno una matawi matatu na moja linapita eneo la jicho, ndiyo maana jino la juu likiuma mtu huhisi jicho linavuta. Lakini tawi hilo ni la hisia tu. Mshipa wa kuona ni mwingine kabisa na hauna uhusiano na meno. Kung'oa jino hakupofushi mtu.

La kupinda mdomo linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu lina chembe ya ukweli iliyogeuzwa. Chini ya mizizi ya gego la mwisho la chini hupita mshipa wa fahamu unaoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu, na upande wa ndani kuna mwingine wa ulimi. Mizizi ikiwa karibu sana na mishipa hiyo, upasuaji unaweza kuijeruhi, na mgonjwa akabaki na ganzi ya mdomo, kidevu au ulimi. Kwa walio wengi inayowapata hisia hurudi baada ya wiki au miezi; inayobaki moja kwa moja humpata chini ya mgonjwa mmoja kati ya mia. Si jambo la kudharau, na daktari asipokutajia kabla ya kukupasua, muulize. Lakini mishipa hiyo ni ya hisia, haichezeshi uso. Mshipa unaochezesha uso unapita kwingine. Hutokea mara chache sindano ya ganzi ikaufikia, upande mmoja wa uso ukalegea kwa saa chache, kisha ukarudi ganzi inapoisha. Huenda ndicho kilichomtokea mtu anayesimuliwa, na hadithi ikakua njiani.

Meno ya mbele kubanana usilisingizie gego. Watu wengi huona meno ya mbele ya chini yakisogeleana kadiri miaka inavyokwenda, hata wale ambao magego ya mwisho hawakuwahi kuwa nayo. Kwa hiyo usikubali kung'olewa kwa sababu hiyo peke yake, wala usitegemee kwamba baada ya kung'oa yatajipanga.

Na kuhusu kung'oa yote manne, hapa madaktari wenyewe hatukubaliani ulimwenguni. Marekani kuna desturi ya kuyatoa mapema kwa vijana hata yasipouma. Uingereza, mwongozo wa mwaka 2000 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huko, unasema jino lililokwama lisilo na ugonjwa lisiguswe. Mimi niko karibu zaidi na Waingereza, ila kwa sharti moja: kuliacha jino kusiwe kulisahau. Gego lililoegemea la pili huweza kuozesha ukuta wa nyuma wa mwenzake kimyakimya, na unapolihisi, umeshapoteza jino zuri kwa ajili ya lisilo na kazi. Mara chache kifuko kinacholizunguka jino lililofukiwa hujaa majimaji na kula mfupa wa taya polepole. Na yapo mavimbe ya taya, kama ameloblastoma, yanayokua bila maumivu eneo hilohilo la nyuma. Kwa hiyo uvimbe wa mfupa usiouma, taya linalobadilika umbo, au meno yanayolegea bila sababu, ni ya kupigwa picha upesi hata kama mwenyewe unasema "haliumi".

Kwa upande wako, matatu mengine kama hayana shida kwenye picha yaache. Hili la chini kulia, kwa kuwa limerudi mara tatu na safari hii limefunga mdomo, ningekushauri litoke. Zipo njia nyingine na uzijue. Mtu aliyeugua mara moja tu, na jino lake limesimama wima likiwa na nafasi, anaweza kusafishwa na kusubiri. Kukata kile kipande cha fizi kunawezekana, lakini mara nyingi huota tena. Sipendi kumtoza mtu kwa kazi itakayorudi. Kung'oa gego la juu linaloigonga fizi huleta nafuu ya haraka, hasa kama hilo la juu nalo halina mwenza wa kutafunia. Na kama picha itaonyesha mizizi imeukumbatia mshipa wa fahamu, mtaalamu wa upasuaji anaweza kukata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi ndani, kisha akufuatilie kwa picha baadaye. Umri wako unakusaidia: miaka 24 mfupa bado si mgumu sana na kidonda hupona vizuri kuliko miaka 40.

Kupanga siku pia kuna maana. Usisubiri livimbe tena ndipo uende. Kwenye fizi yenye maambukizi makali ganzi haishiki vizuri, na kwa gego la kupasua wengi wetu hupendelea kutuliza kwanza. Nenda sasa hivi ukiwa umetulia. Daktari wa meno wa kituo cha karibu atakuangalia na kuagiza picha. Bora ni ile ya panorama inayoonyesha mataya yote mawili kwa pamoja, kwani inaonyesha pia mshipa ulipopita. Jino likionekana la kupasua, atakupa rufaa kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya. Muhimbili wapo, na baadhi ya hospitali za rufaa na binafsi pia wapo. Popote uendapo hakikisha anayekutibu amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na vifaa vinachemshwa kwa mashine, kisha uliza bei yote kabla: picha, upasuaji, nyuzi na dawa. Kama una bima, uliza kama inalipia upasuaji huo hapo hapo ulipo, usidhani tu.

Siku yenyewe utakuwa macho. Unachomwa ganzi, mdomo unakufa ganzi baada ya dakika chache, fizi inapasuliwa, mfupa kidogo unaondolewa, na jino mara nyingi hukatwa vipande ili litoke bila kuvunja taya. Utasikia kusukumwa na mlio wa mashine. Ukisikia maumivu makali inua mkono, aongeze ganzi. Hakuna anayelipwa kwa kuvumilia. Baadaye unang'ata kipande cha gozi kama nusu saa. Usisukutue siku hiyo, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija: donge la damu ndilo linalofunika mfupa, na likinyofoka, siku ya tatu au ya nne maumivu yanarudi kwa nguvu. Yakirudi hivyo, rudi kwa daktari akusafishe na kuweka dawa. Sigara huongeza sana hatari hiyo. Barafu ya mfuko ya dukani, iliyofungwa kwenye khanga, iwekwe shavuni kwa dakika kumi kumi siku ya kwanza. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka; usitishike asubuhi hiyo ukijiona kwenye kioo. Kula mtori, uji uliopoa, maziwa mgando. Kariakoo omba ruhusa ya siku tatu hivi, na usibebe mabunda ya vitenge katika siku hizo.

Mtoto endelea kumnyonyesha. Ganzi ya kawaida ya meno, parasetamoli, ibuprofeni na amoksilini haviwazuii kina mama kunyonyesha. Metronidazo, antibayotiki nyingine, kwa dozi ya kawaida nayo kwa ujumla haimlazimu mtu kuachisha ziwa, ingawa maziwa yanaweza kuwa na uchungu kidogo na mtoto akanuna. Mwambie daktari kwamba unanyonyesha kabla hajaandika lolote, na mnyonyeshe muda mfupi kabla ya kuingia kwenye kiti, umwachie mama yako. Na kwa kuwa ana miezi saba na meno yanaanza kumtoka, huenda siku moja atapata homa au kuharisha, na jirani akakwambia ni "meno ya plastiki" yanayotakiwa kuchimbuliwa. Kataa. Kinachochimbuliwa pale ni vichipukizi vya chonge zake, na watoto wamewahi kupoteza damu nyingi na hata maisha kwa hilo. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe malaria na atazamwe kama ameishiwa maji mwilini.